Jivu la Dakawa, Kuni za Uluguru

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Morogoro na watu 315,866. Sensa ya 2022 ikahesabu 471,409. Katika miaka kumi, mji ambao wenyeji wake wanapenda kuuita Mji Kasoro Bahari umeongeza watu zaidi ya 155,000, na wote hao wanahitaji kuta za kuwasitiri, sakafu ya kukanyaga na paa la kuwakinga mvua. Ndiyo maana ukitoka katikati ya mji kuelekea Mkundi, Kihonda, Tungi au Bigwa, ni nadra kupita mtaa usio na msingi uliochimbwa, lundo la mchanga lililomwagwa kando ya njia, au fundi aliyepanda jukwaani na mwiko mkononi.

Ukisogea kidogo kutoka barabarani utakutana na tanuru la matofali. Kazi yake haijabadilika sana tangu enzi za babu zetu. Udongo unachimbwa, unamwagiwa maji, unakanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, unajazwa kwenye kalibu na kufyatuliwa. Matofali mabichi yanafunikwa nyasi yasipasuke kwa jua. Yakikauka yanapangwa maelfu kwa maelfu, chini yakiachiwa matundu ya kusukumia magogo, na lundo zima linakandikwa tope kwa nje ili joto lisitoroke. Kisha moto unawashwa na kulindwa usiku na mchana, watu wakipokezana, kwa sababu ukizembea matofali ya juu yatabaki mabichi na hasara ni yako. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, njia ya kujenga iliyo nafuu kuliko hii ni vigumu kuipata: udongo upo, maji yapo, nguvu ni yake.

Kinachogharimu ni hayo magogo. Mengine ni miembe mizee iliyouzwa na wenye mashamba, mengine yanatoka kwenye miombo ya pembezoni mwa mji, na mengine yanashuka kutoka kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, yakigombaniwa na wachoma mkaa. Bei anayolipa fundi kwa shehena moja ya kuni haihesabu kile ambacho mlima umepoteza.

Na mlima wenyewe una kazi nyingi. Kilele cha Kimhandu kinafika mita 2,630. Lupanga, unaoutazama mji kwa karibu, una mita 2,138. Ukungu unaonaswa na misitu ya huko juu ndio unaolisha mto Morogoro unaopita mjini, Ngerengere unaojaza bwawa la Mindu, Mgeta, na Ruvu. Ruvu ukifika bondeni unakuwa maji ya kunywa ya Dar es Salaam. Oktoba 2022 kina cha mto huo kiliposhuka, jiji liliingia kwenye mgawo wa maji na watu wakashika ndoo. Serikali iliitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000, na bwawa la Kidunda sasa linajengwa ili kuhifadhi maji ya Ruvu. Lakini bwawa huhifadhi maji yaliyofika. Kuyafikisha ni kazi ya miti.

Jambo linalouma ni hili: wakati tanuru linakula magogo, mkoa huohuo una malundo ya mabaki ya viwandani ambayo yangeweza kuchukua sehemu ya kazi ya magogo hayo, na sehemu ya kazi ya saruji pia. Pumba za mpunga zimerundikana nyuma ya mashine za kukoboa za Dakawa na Ifakara. Jivu la makapi ya miwa liko Kidatu na Turiani. Mabaki ya mkonge yanaoza karibu na korona za Kilosa na Morogoro, yaani mitambo ya kutoa nyuzi kwenye majani. Vitu hivi vitatu huitwa uchafu, na mara nyingi mwenye kiwanda anatafuta tu mahali pa kuvitupa. Wahandisi wamejua thamani yake kwa miongo mingi.

Tuanze na pumba, kwa sababu ndizo zenye mengi.

Morogoro ni mkoa wa mpunga. Mbegu ya SARO 5, iliyoenea karibu kila bonde la mpunga nchini, ilitoka katika kituo cha utafiti cha KATRIN, Ifakara, mwaka 2002. Mradi wa umwagiliaji wa Dakawa, wilayani Mvomero, una takribani hekta 2,000. Katika kila tani ya mpunga inayoingia kwenye mashine, kama kilo 200 hutoka zikiwa pumba. Ukizichoma pumba hizo zinabaki kilo 40 hivi za jivu, na jivu hilo si kama la kuni: kati ya asilimia 85 na 95 ni silika, madini yaleyale yanayofanya mchanga na kioo. Mpunga huyafyonza kutoka ardhini na kuyahifadhi kwenye ganda.

Sasa piga hesabu. Hekta ikitoa tani 5, pumba zake ni tani moja, na jivu lake kilo 200, yaani uzito wa mifuko minne ya saruji. Kwa hekta 2,000 za mradi mmoja tu, ni tani 400 za jivu kwa msimu. Sehemu kubwa ya mali hiyo leo inachomwa ovyo nyuma ya mashine, moshi ukiingia kwenye nyumba za majirani, au inaachwa mvua iisombe.

Matumizi ya kwanza ya pumba ni kuwa kuni, na hili mafundi wengi wa maeneo ya mpunga wanalijua bila kufundishwa na mtaalamu. Tanuru la pumba hupangwa tofauti na la magogo. Pumba haziwaki kwa ndimi za moto. Zinaungua polepole kutoka ndani kama tambi ya taa. Fundi anazimwaga katikati ya matofali na kuyazungushia, anaacha njia za hewa, na kila zinaponywea anaongeza nyingine kwa juu. Moto unaenda taratibu kwa siku kadhaa na unahitaji uvumilivu, lakini ukitunzwa vizuri tofali linaiva mpaka moyoni. Nchini Rwanda wafyatuaji wameshawishiwa kutumia pumba za kahawa na vumbi la mbao kwenye matanuru kwa sababu hiyohiyo ya kuokoa miti, na baadhi yao huchanganya vumbi hilo ndani ya udongo wenyewe ili tofali lijichome kutoka ndani. Kwa Morogoro, gogo moja lililobaki msituni kwa sababu ya kiroba cha pumba ni faida ya moja kwa moja kwa Ruvu.

Matumizi ya pili ni magumu zaidi na yana thamani kubwa zaidi: jivu kuingia kwenye saruji.

Saruji ya kawaida hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo hadi kama nyuzi 1,450 za Selsiasi, yakawa punje ngumu zinazoitwa klinka, ambazo husagwa. Kazi hiyo inakula nishati nyingi, na jiwe lenyewe linapoungua linaachia hewa ya ukaa. Kila tani ya klinka huacha angani zaidi ya kilo 800 za hewa hiyo. Viwanda vya saruji duniani vinakadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa yote ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kisha saruji inapochanganywa na maji na kuanza kukaza, ndani yake hubaki chokaa isiyo na kazi. Jivu lenye silika laini likikutana na chokaa hiyo, vinaungana na kuwa gundi ileile inayoshikilia zege. Kwa maneno mengine, jivu linakipa kazi kitu ambacho saruji ingekiacha bure.

Warumi walilijua jambo hili kwa majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Naples, na ndiyo maana malighafi za aina hii huitwa pozolana hadi leo. Waswahili wa pwani nao walijenga misikiti na majumba yao kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, wakaichanganya na mchanga na udongo mwekundu. Mkoani Mbeya, kiwanda cha saruji cha Songwe kimetumia pozolana ya volkano ya huko kwa miaka mingi. Wazo hili basi si geni kwetu hata kidogo. Kilichokuja baadaye ni ufahamu kwamba mmea nao unaweza kuzaa pozolana, na hapo jina linalotajwa mara nyingi ni la P. Kumar Mehta wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye tangu miaka ya 1970 alionyesha kwamba jivu la pumba lililochomwa kwa uangalifu linaweza kushindana na pozolana bora kabisa.

Neno la maana hapo ni uangalifu. Pumba zikichomwa chini ya nyuzi 700 hivi, silika yake hubaki katika hali legevu, tayari kuungana na chokaa. Moto ukipanda sana na kukaa huko muda mrefu, silika hujipanga upya kuwa fuwele ngumu, na jivu linakuwa zito kufanya kazi. Unaweza kulisaga uwezavyo, litakaa ndani ya zege kama mchanga tu. Macho ya kawaida yanaweza kuanza kutofautisha. Jivu jeusi lina mkaa ambao haujaungua. La kijivu hafifu ndilo linalotafutwa. Likigeuka jeupe lenye wekundu wa mbali, moto ulizidi.

Hapa ndipo penye mtego ambao wapenda mazingira wengi hawauoni. Tofali la udongo linahitaji joto la nyuzi 800 na zaidi ili liive. Kwa hiyo jivu linalobaki kwenye tanuru la matofali huwa limeshapita kiwango, na nguvu yake ya kufanya kazi na saruji imepungua. Pumba zilezile haziwezi kufanya kazi zote mbili vizuri. Anayetaka kuchomea matofali achomee matofali, na anayetaka pozolana lazima awe na moto wake tofauti, mdogo na wa taratibu. Vifaa vyenyewe havitishi. Pipa la mafuta la lita 200 lililotobolewa matundu, na bomba la wavu katikati la kupitishia hewa, linaweza kuchoma pumba polepole mpaka zikawa kijivu. Kusaga ndiko kunakohitaji mashine ya maana: kinu chenye mipira ya chuma, kinachozunguka mpaka jivu liwe laini kuliko saruji yenyewe.

Fundi akishalipata, ana mambo mawili ya kuzingatia. Jivu la pumba lina vijitundu vingi visivyoonekana, kwa hiyo linakunywa maji. Anayeona mchanganyiko wake umekuwa mkavu akaongeza ndoo ya maji, ameua nguvu yake kwa mkono wake mwenyewe. Halafu, mchanganyiko wenye jivu unakomaa polepole kuliko wa saruji tupu. Matofali ya saruji yanayofyatuliwa leo na kuuzwa keshokutwa, kama ilivyo desturi ya wafyatuaji wengi kando ya barabara zetu, hayafai kwa kazi hii. Yanatakiwa kumwagiliwa maji na kufunikwa kwa wiki mbili au zaidi. Kwa wastani, kilo 5 hadi 10 za jivu kwa kila mfuko wa kilo 50 ndicho kiwango kinachotajwa na watafiti wengi kuwa salama, yaani kati ya asilimia 10 na 20 ya saruji kuondolewa na jivu kuchukua nafasi yake.

Miwa nayo ina habari inayofanana, ila kwa sura ya kiwanda kikubwa. Kampuni ya Sukari Kilombero ina viwanda Msolwa na Ruembe, pande mbili za mto Ruaha Mkuu. Mtibwa iko Turiani, chini ya milima ya Nguru. Tani 100 za miwa zikikamuliwa huacha kama tani 30 za makapi yenye unyevu. Viwanda havitupi makapi hayo. Vinayachoma kwenye boila, mvuke unazungusha mitambo na kuzalisha umeme, na mgeni anayefika Kidatu wakati wa msimu anaweza kuona moshi wa makapi ukipanda juu ya mashamba ya kijani kibichi. Hilo ni jambo la kusifiwa. Kinachobaki ni jivu la boila, ambalo kwa kawaida humwagwa mashambani au kwenye madampo ya kampuni. Watafiti wa Brazil, India na Thailand, nchi zinazolima miwa, wamelichunguza kwa miaka mingi na kulikuta na silika ya kutosha kufanya kazi na saruji. Kasoro yake ni mkaa uliobaki na mchanga uliokuja na miwa kutoka shambani. Linahitaji kuchekechwa, pengine kuchomwa mara ya pili, na kusagwa. Faida yake juu ya pumba ni kwamba liko mahali pamoja, kwa wingi, kila msimu, na mwenye nalo ni mmoja wa kuzungumza naye.

Kisha kuna mkonge, ambao ndio uliijenga Morogoro kabla ya kiwanda chochote. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na miche 62 tu iliyopona safarini ndiyo ikawa mama wa mashamba yote yaliyofuata. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani. Tungi, Pangawe, Kingolwira, Kimamba na Kilosa vilikuwa vituo vya zao hilo. Hata Mazimbu, ambako wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini walijenga shule yao ya Solomon Mahlangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambako leo kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, lilikuwa shamba la mkonge.

Katika jani la mkonge, nyuzi zinazouzwa ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Asilimia 96 inayobaki ni majimaji na nyama ya jani, ambayo korona huitema kwenye mifereji. Huko Hale, mkoani Tanga, mwishoni mwa miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Lakini ndani ya mabaki hayo mna pia nyuzi fupi, zisizofaa kamba wala magunia, na hizo ndizo zinazomhusu mjenzi.

Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wa ujenzi katika nchi nyingi maskini walikuwa na ndoto moja: paa la bei nafuu la saruji iliyotiwa nyuzi za mkonge, likachukue nafasi ya bati la kununua nje na la asbesto. Nyuzi hushika zege lisipasuke, kama vile fundi wa zamani alivyotia nyasi kwenye udongo wa ukuta. Karatasi kubwa za kuezekea zilitengenezwa, zikapendeza, zikapandishwa juu ya nyumba. Baada ya miaka michache nyingi zilianza kupasuka. Mtafiti wa Sweden, Hans-Erik Gram, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1983, alieleza sababu: maji yaliyomo ndani ya saruji yana ukali wa magadi, na ukali huo unakula gundi inayoziunganisha seli za uzi wa mkonge. Uzi unabaki unaonekana mzima, lakini umekuwa mkavu na dhaifu, unakatika ukiguswa. Watengenezaji wakahamia kwenye vigae vidogo badala ya karatasi kubwa, na hatimaye wengi wao wakaziacha nyuzi kabisa.

Lakini ugonjwa huo una dawa, na dawa ilijulikana tangu wakati huohuo. Ukipunguza chokaa iliyo huru ndani ya saruji, ukali unashuka na uzi unadumu. Na kinachopunguza chokaa hiyo ni pozolana yenye silika nyingi, yaani jivu la pumba likiwamo. Umbali kati ya korona za Kilosa na mashine za mpunga za Dakawa si mkubwa. Ni wilaya zinazopakana. Mkonge unaokufa ndani ya saruji na jivu linaloweza kuuokoa viko katika mkoa mmoja, kila kimoja kikioza peke yake. Kama kuna mahali popote Afrika Mashariki ambapo kigae cha katani kinastahili kujaribiwa upya, kwa maarifa ya leo na si ya 1980, ni hapa.

Na kujaribu kwa vifaa na hali ya hapa kuna maana, kwa kuwa Morogoro inajua vizuri gharama ya kujenga kwa mawazo yaliyotoka mbali. Kiwanda cha viatu kilichojengwa hapa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya, hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilisimamisha uzalishaji. Sababu ni nyingi, ila mojawapo ilikuwa jengo lenyewe: kuta za alumini, bila njia ya kupitisha hewa, katika mji ambao joto lake la Januari kila mtu analijua.

Tofauti na jivu na nyuzi hizo, yako mabaki mengine ambayo tayari yamepata njia yake bila mtu yeyote kuyapigia debe. Skrepa ni mfano mkubwa kuliko yote. Mabati yaliyochakaa, fremu za baiskeli na vipuri vya mitambo iliyokufa vinakusanywa mtaani kwa mkokoteni, vinapimwa kwa mizani, vinapakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam, na huko vinayeyushwa na kurudi madukani kama nondo. Biashara hiyo ina ubaya wake, kwani baadhi ya chuma kinachouzwa kimeibwa kwenye reli na miundombinu ya umeme, lakini inaonyesha kwamba taka ikiwa na bei, haihitaji kampeni. Plastiki nayo imeanza kufuata. Jijini Dar es Salaam, EcoAct ya Christian Mwijage inageuza plastiki kuwa mbao za ujenzi na samani. Nairobi, Lorna Rutto alianzisha EcoPost mwaka 2009 kwa nguzo za uzio, na Nzambi Matee wa Gjenge Makers, aliyetunukiwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2020 kama kijana bingwa wa mazingira, anashindilia plastiki na mchanga kuwa matofali ya kutandaza njiani.

Si kila kinachotoka kiwandani kinastahili kuingia ukutani, na hili lazima lisemwe kwa sauti. Mabaki ya ngozi iliyotengenezwa kwa kromiamu yakichomwa, kromiamu hiyo inaweza kugeuka kuwa aina yenye sumu kali. Hakuna tofali linalostahili kubeba kitu hicho. Karatasi za zamani za asbesto zilizoezekwa kwenye shule na maghala hazitakiwi kuvunjwa na kusagwa kuwa kokoto hata kama mtu anazigawa bure. Jivu la pumba lenyewe, hasa lile lililochomwa kupita kiasi, lina vumbi la silika linaloharibu mapafu ya anayelivuta kila siku. Kijana anayelisaga bila barakoa anauza afya yake kwa bei ya kibarua. Mwenye kiwanda au karakana akishindwa kununua barakoa, hana haki ya kuiita kazi yake rafiki wa mazingira.

Kwa nini basi jivu la Dakawa halijafika kwenye duka la vifaa vya ujenzi Msamvu, mjini Morogoro? Hakuna aliye tayari kulinunua kwa sababu hakuna aliyelithibitisha. Kwenye mfuko wowote wa saruji dukani kuna maandishi madogo, mathalani CEM II na namba 32.5 au 42.5. Namba inaeleza nguvu; CEM II inaeleza kwamba ndani hamna klinka tupu, kuna mawe ya chokaa, pozolana au kitu kingine kilichoruhusiwa. Wengi wanaojenga hawajui kwamba saruji wanayoiamini tayari imechanganywa. Mfumo huo wa majina unatoka kwenye kiwango cha Ulaya, EN 197-1, ambacho kinaorodhesha pozolana ya asili, jivu la makaa ya mawe na masalia ya tanuru za chuma. Jivu la pumba halimo. Ulaya hailimi mpunga wa kutosha kuwa na tatizo hilo. Kwa nchi yenye mpunga wa Kilombero, Usangu na Kyela, kungoja Ulaya itutangulie katika jambo la pumba hakuna mantiki.

Taasisi za kulifanya zipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao mizizi yake ni kitengo cha utafiti wa ujenzi kilichoanzishwa mwaka 1971, umetumia miaka mingi kufundisha matofali ya udongo yanayofungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa saruji kidogo na yasiyochomwa kabisa. Tofali la aina hiyo, likitiwa jivu mahali pa sehemu ya saruji yake, lingeepuka gogo na kupunguza klinka kwa wakati mmoja. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko chini kabisa ya mlima, na wataalamu wake wa udongo, misitu na mazao. Shirika la Viwango lina maabara. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inampa mzalishaji wa taka wajibu wa kuishughulikia taka yake.

India ilikuwa na tatizo la aina hii, la jivu la makaa ya mawe kutoka kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 1999 serikali yake iliamuru kwamba watengeneza matofali walio ndani ya kilomita 50 kutoka kwenye mtambo walitumie jivu hilo. Mwaka 2003 duara likapanuliwa hadi kilomita 100, na mwaka 2016 hadi kilomita 300. Utekelezaji ulikuwa na vikwazo vingi, lakini tasnia ya matofali ya jivu ilipata msukumo hapo. Ukichora duara la kilomita 300 kuzunguka mji wa Morogoro, linazifikia Ifakara, Kidatu, Turiani, Kilosa, na Dar es Salaam yenyewe.

Mwanzo mzuri hauhitaji kugusa nguzo wala mihimili, ambayo hubeba uhai wa watu na lazima isubiri vipimo vya miaka. Jivu linaweza kuanzia kwenye lipu, kwenye sakafu, kwenye matofali ya ukuta wa nyumba ya chini na kwenye vigae vya njia. Mwenye mashine ya kukoboa Dakawa akiwa na pipa la kuchomea na jirani mwenye kinu cha kusagia, na kila fungu la jivu likipelekwa maabara kabla ya kuuzwa, fundi wa Mkundi ataweza kulipima kwa ndoo kando ya saruji yake, akijua ni kilo ngapi ameweka na kwa nini tofali lake linatakiwa kumwagiliwa maji siku 14 kabla ya kupakiwa kwenye lori.